Kompyuta Kuukuu Yataka Maandalizi

Huenda mkasema habari hii ni ya watu wa mjini. Sivyo. Hata hapa Igawa, kando ya barabara kuu ya Mbeya na Makambako, kompyuta zimo maofisini, shuleni na nyumbani. Nyingi ni kuukuu, zilizokwisha kutumiwa na wengine.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Katika nyingi ni Windows 10, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilikoma kuitolea marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Mashine haifi, itawaka kama jana. Lakini ni kama nyumba ambayo kitasa chake kikiharibika hakuna wa kukitengeneza. Ndiyo maana watu wahamia Windows 11.

Mimi nilipobadili programu kuu ya kompyuta ya ofisi sikujiandaa. Fundi aliniuliza, "Kuna kitu humu?" Nikajibu, "Wewe endelea tu." Akafuta vyote.

Juma lile lile alifika mama mmoja. "Karani, mwanangu, binti yangu aolewa. Naomba cheti chake cha ubatizo." Orodha ya majina niliyoiandika kwa miezi saba haikuwapo tena. Tukalifunua daftari kubwa la ubatizo, lililoandikwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa tangu asubuhi hata adhuhuri, maana mama hakuwa na hakika ya mwaka.

Basi, yafaa kufanya hivi.

Kwanza, nakilini kila kitu katika flashi mbili: barua, hesabu, picha. Kisha fungueni nakala hizo katika kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa si akiba. Andikeni pia maneno ya siri katika karatasi, mkaifungie.

Pili, ipimeni mashine. Windows 11 yataka kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya kuhifadhia ya gigabaiti 64, na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check itawaambia kama mashine yafaa. Pengine kidude kimo ila kimezimwa. Fundi aweza kukiwasha.

Tatu, ondoeni yasiyohitajika ili kupata nafasi. Programu mpya ni nzito, gigabaiti kadhaa. Basi tafuteni mtandao mzuri, msije mkamaliza bando katikati ya safari.

Nne, angalieni umeme. Jazeni betri, na waya wa chaja uwe umechomekwa. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, mashine yaweza kukataa kuwaka.

Mashine ikikosa sifa, msiitupe. Iko programu kuu ya bure iitwayo Linux Mint, nayo waweza kuijaribu kutoka katika flashi kabla ya kugusa yaliyomo ndani.

Akiba haiozi, walisema wazee. Mama yule alikipata cheti chake. Orodha yangu nimeianza upya tangu herufi A, na sasa nakala moja imo kabatini mwa ofisi, ya pili nyumbani kwangu.