Kwa Nini Treni Haifiki Tena Nachingwea?

Vijana wengi hawajui kwamba zamani Nachingwea ilikuwa na stesheni ya treni. Leo tuisome habari yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga zilitakiwa zifike baharini, basi ikajengwa reli. Mwaka 1949 treni ilianza kufika Nachingwea kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Baadaye reli iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara.

Je, karanga zilipatikana? Hazikupatikana za kutosha! Matrekta yalishindwa na visiki na mizizi. Kule Kongwa mvua haikutosha, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Reli ilibaki na mizigo michache na gharama nyingi. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vyake viking'olewa.

Tunajifunza nini? Reli hula mizigo; ikikosa mizigo hufa. Na kabla ya kupanga kilimo, kwanza aulizwe mkulima anayeijua ardhi ile na mvua yake.

Wapo wazee wachache wanaoikumbuka treni hiyo. Waulizeni, halafu mwandike daftarini. Kusoma na kuandika mnajua sasa.