Redio ya kanisa: kila sauti na njia yake

Katika studio nyingi meza za sauti za zamani zinapisha zile za dijitali, na watumishi wetu wa redio wanauliza namna ya kuzipanga. Tuchukue mfano: mtangazaji na mchungaji wako studio Kindu, na mama mmoja wa Kama anapiga simu ili aulize swali.

Kwanza, viingilio. Kwenye meza ya zamani, waya ukiingia tundu la 1, sauti inatokea chaneli ya 1. Kwenye dijitali, tundu na chaneli vinaunganishwa kwa amri ya skrini. Mikro inaweza kuwa nzima na chaneli ikabaki kimya. Kabla ya kulaumu waya, tuangalie chaneli imepewa tundu gani. Halafu tuandike majina: Mtangazaji, Mchungaji, Simu, Muziki.

Pili, kiasi cha sauti. Mchungaji ajaribu mikro kwa nguvu ileile atakayohubiri nayo. Sauti ya kawaida ikae karibu na -18, na akipaza isifike 0, kwa sababu ikivuka hapo inapasuka na hakuna kifaa kitakachoirudisha. Umeme wa volti 48 tuuwashe kwa mikro inayouhitaji tu. Tukikata sauti nzito chini ya hezi 80, mngurumo wa jenereta utapungua.

Tatu, vitokeo, na hapa ndipo wengi wanakwama. Njia kuu inapeleka sauti zote kwenye mtambo wa kurusha matangazo. Tukiipeleka njia hiyohiyo kwenye simu, mama wa Kama atasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia yamechelewa. Atasitasita, atanyamaza, na mwisho atakata simu. Tusipompelekea kitu, hatasikia jibu.

Dawa yake mafundi wanaiita N-1: sauti zote kasoro ya yule anayepiga. Tunachagua kitokeo cha pembeni kwa ajili ya simu, tunapandisha humo Mtangazaji na Mchungaji, na chaneli ya Simu tunaiacha chini kabisa. Akiongezeka mpigaji wa Kalima, naye apewe kitokeo chake: amsikie mama wa Kama, asijisikie mwenyewe.

Mwisho, tuhifadhi mpango huo kwenye kumbukumbu ya meza, na nakala kwenye flashi. Umeme ukikatika, hatutaanza upya wakati watu wanasubiri.

Paulo anawaambia Warumi (10:17) kwamba imani hutokana na kusikia. Mara nyingi sisi wa studio tunajali tu kwamba watu watusikie. Lakini yule mama amenunua yunite kwa pesa kidogo aliyo nayo ili aulize jambo linalomlemea. Kumpangia njia yake vizuri ni kumpokea kama tunavyompokea mgeni mlangoni mwa kanisa.