Jinsi Bush alivyopigana vita vya Iraq kwa fedha za mkopo

RAIS George W. Bush alipoapishwa Januari 20, 2001, alikabidhiwa kitu ambacho viongozi wengi duniani hukiona ndotoni tu: hazina yenye fedha za ziada. Katika mwaka wa fedha wa 2000, serikali ya Marekani ilikuwa imekusanya dola bilioni 236 zaidi ya ilizotumia. Wataalamu wa bajeti wa bunge la Congress walikadiria mwezi huo kwamba ziada hiyo ingejumlika hadi dola trilioni 5.6 katika muda wa miaka kumi. Ulikuwepo hata mjadala, wala haukuwa wa mzaha, kuhusu itakuwaje siku ambayo taifa hilo litamaliza kulipa deni lake.

Siku hiyo haikufika. Miaka minane baadaye, Bush alipomwachia Barack Obama hatamu za uongozi, deni la taifa lilikuwa limepanda kutoka takriban dola trilioni 5.7 hadi trilioni 10.6, na wanajeshi wa Marekani walikuwa wangali wanapigana Iraq na Afghanistan.

Si haki kumtwika mtu mmoja mzigo wote huo. Uchumi uliyumba mwaka 2001, yakaja mashambulizi ya Septemba 11, na mwishoni mwa utawala wake mabenki yakaporomoka. Hata hivyo, ipo lawama moja ambayo haijamwondokea hadi leo, nayo inatolewa na wahafidhina pamoja na waliberali: kwamba aliwaingiza wananchi wake vitani huku akiwapunguzia ushuru, hivi kwamba wengi wao hawakuhisi kwamba kuna kitu wanacholipia.

Uzito wa lawama hiyo unaonekana katika kalenda. Mei 1, 2003, Bush alitua kwa ndege ya kijeshi juu ya manowari ya kubebea ndege, USS Abraham Lincoln, karibu na pwani ya California. Alitangaza kwamba mapigano makubwa nchini Iraq yamekwisha, na nyuma yake palining'inia bango lililosema kazi imetimizwa. Siku 27 baadaye alitia saini sheria ya kupunguza ushuru kwa takriban dola bilioni 350. Seneti ilikuwa imegawanyika 50 kwa 50 juu ya mswada huo, ikambidi Makamu wa Rais Dick Cheney apige kura ya kuamua. Seneta John McCain, Mrepublican mwenzao aliyewahi kuwa mateka wa vita nchini Vietnam, alikuwa miongoni mwa watatu wa chama hicho waliokataa kuuunga mkono. Sheria hiyo ilifuata nyingine ya mwaka 2001 iliyopunguza ushuru kwa dola trilioni 1.35 katika kipindi cha miaka kumi.

Watangulizi wake hawakufanya hivyo. Harry Truman alipandisha ushuru baada ya vita vya Korea kuzuka mwaka 1950. Lyndon Johnson alisitasita kwa muda mrefu kuhusu Vietnam, lakini mwaka 1968 akapata sheria ya kuongeza asilimia 10 juu ya ushuru wa mapato. Babake Bush naye alipomfurusha Saddam Hussein kutoka Kuwait mwaka 1991, gharama ilikuwa takriban dola bilioni 61, na zaidi ya bilioni 50 kati ya hizo zililipwa na Saudi Arabia, Kuwait, Japan, Ujerumani na washirika wengine. Mzee huyo pia alikubali kuongeza ushuru mwaka 1990 baada ya kuahidi kwamba hangethubutu, na wapiga kura wakamwadhibu mwaka 1992. Mwanawe alilisoma somo hilo, ila huenda alilisoma kinyume.

Kwa nini ushuru uwe jambo kubwa hivyo katika mjadala wa vita? Kwa sababu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973, familia nyingi hazina mtoto aliye vitani. Kilichosalia cha kumfanya mwananchi wa kawaida aulize maswali ni mfuko wake. Naye Bush hakuugusa. Septemba 27, 2001, akiwa katika uwanja wa ndege wa O'Hare mjini Chicago, aliwahimiza Wamarekani wasafiri na kuzipeleka familia zao Disney World. Nia yake ilieleweka, kwani mashirika ya ndege yalikuwa yakididimia. Lakini mwito wa kujinyima kwa ajili ya vita haukutolewa siku hiyo, wala baadaye.

Fedha zilikopwa kwa kuuza hatifungani, na miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kigeni walikuwa Japan na China. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ya Iraq ilinogeshwa na makadirio ambayo leo yanastaajabisha.

Septemba 2002, mshauri mkuu wa rais kuhusu uchumi, Lawrence Lindsey, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba vita hivyo huenda vikagharimu kati ya dola bilioni 100 na 200. Ikulu haikufurahi. Mkurugenzi wa Bajeti, Mitch Daniels, alipuuza kiwango hicho kuwa kikubwa mno, na kabla ya mwaka kwisha akataja bilioni 50 hadi 60. Desemba, Lindsey alilazimika kuondoka, sawa na Waziri wa Fedha Paul O'Neill aliyekuwa akipinga duru ya pili ya kupunguza ushuru. Sababu za kutimuliwa kwao zilikuwa zaidi ya moja, lakini waliosalia hawakuhitaji kuambiwa watie vichwa vyao maji. Februari 2003, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Eric Shinseki, aliiambia Seneti kwamba kuidhibiti Iraq kungehitaji wanajeshi laki kadhaa. Alipingwa hadharani na wakubwa wake. Machi 27, vita vikiwa na umri wa wiki moja, Naibu Waziri wa Ulinzi Paul Wolfowitz aliieleza kamati ya bunge kwamba Iraq ni nchi yenye mafuta, na ingeweza kugharimia ukarabati wake yenyewe tena upesi.

Kinaya ni kwamba Lindsey, aliyelaumiwa kwa kutaja kiwango kikubwa, alikuwa ametaja kidogo. Kufikia mwaka 2011, Congress ilikuwa imeidhinisha takriban dola bilioni 800 kwa ajili ya Iraq pekee. Joseph Stiglitz, mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi, na mwenzake Linda Bilmes wa Chuo Kikuu cha Harvard, walipojumlisha riba na matibabu ya majeruhi mwaka 2008, walifikia dola trilioni tatu. Nazo silaha za maangamizi zilizotolewa kuwa sababu ya vita hazikuonekana. Wakaguzi wa Marekani yenyewe walithibitisha hivyo mwaka 2004.

Je, fedha nyingi hivyo zilipitaje bungeni bila zogo? Jibu limo katika neno moja: dharura. Kwa kawaida rais wa Marekani huwasilisha bajeti yake mwanzoni mwa mwaka, kisha kamati za bunge huichambua kipengele kwa kipengele. Fedha za vita hazikufuata njia hiyo. Ziliombwa kando, katika kitu kinachofanana na bajeti ya ziada tunayoijua hapa Kenya, ila hii ilipewa jina la matumizi ya dharura. Ombi moja lilizaa takriban dola bilioni 79 Aprili 2003. Miezi saba baadaye zikaidhinishwa bilioni 87 nyingine. Ikawa desturi. Fedha zilizoitwa za dharura hazikubanwa na viwango vya matumizi, na makadirio ya nakisi ya miaka iliyofuata yaliweza kutangazwa bila kuzihesabu.

Sisi ambao kazi yetu ni kusahihisha maneno ya wengine tungelikata neno hilo kwa kalamu nyekundu. Dharura ni jambo la ghafla lisilotarajiwa. Vita vilivyoingia mwaka wake wa nne, vyenye ratiba ya zamu za wanajeshi iliyopangwa miezi mingi kabla, havina ughafla wowote. Kamati iliyoongozwa na James Baker na Lee Hamilton, mmoja Mrepublican na mwingine Mdemocrat, ilisema vivyo hivyo Desemba 2006 ilipopendekeza gharama za vita zitiwe katika bajeti ya kila mwaka. Februari 2007, Ikulu ilianza kutoa makadirio ya mwaka mzima pamoja na bajeti, ingawa jina la dharura halikufutwa.

Fedha zisizochunguzwa kabla ya kutolewa ni vigumu kuchunguzwa baadaye. Kati ya Mei 2003 na Juni 2004, karibu dola bilioni 12 za noti zilisafirishwa kwa ndege kutoka Marekani hadi Iraq, mzigo wa tani 363. Hizi hazikuwa za mlipa ushuru wa Marekani. Zilikuwa mali ya Wairaki, zikiwemo za mauzo ya mafuta yao. Mkaguzi maalum, Stuart Bowen, aliripoti Januari 2005 kwamba utawala wa muda ulioongozwa na Paul Bremer haukuwa umesimamia ipasavyo hesabu za dola bilioni 8.8. Kampuni ya KBR, tanzu ya Halliburton ambayo Cheney aliiongoza kuanzia 1995 hadi 2000, ilipewa kandarasi ya kukarabati visima vya mafuta bila kushindanishwa. Mwaka 2011, tume iliyoundwa na bunge ilikadiria kuwa kati ya dola bilioni 31 na 60 zilipotea kwa ubadhirifu na ulaghai katika kandarasi za Iraq na Afghanistan.

Kandarasi hizo zilifika hata kwa majirani zetu. Kuanzia mwaka 2005, maelfu ya raia wa Uganda, wengi wao waliokuwa askari, waliajiriwa na makampuni ya ulinzi kulinda malango ya kambi za Wamarekani nchini Iraq. Kufikia mwaka 2008, watu walioajiriwa na makampuni katika eneo hilo la vita walikuwa takriban 190,000, karibu sawa na idadi ya wanajeshi. Aliyeuawa miongoni mwao hakuingizwa katika orodha ya vifo iliyotangazwa na Pentagon. Hiyo nayo ni njia ya kupunguza gharama ya vita machoni pa umma.

Huku mabilioni yakimwagika hivyo, askari mmoja alimuuliza Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld, mbele ya wenzake nchini Kuwait Desemba 2004, kwa nini walazimike kuchakura majalala wakitafuta vyuma chakavu vya kukinga magari yao. Rumsfeld alijibu kwamba nchi huenda vitani na jeshi iliyo nalo, si lile ambalo ingetamani. Jibu hilo lingekuwa na mashiko kama Marekani ingekuwa imevamiwa na Iraq.

Congress nayo haiwezi kukwepa. Katiba inalipa bunge hilo, wala si rais, mamlaka ya kutangaza vita na kuidhinisha kila senti inayotoka hazinani. Oktoba 2002 liliidhinisha vita kwa kura 296 dhidi ya 133 katika Baraza la Wawakilishi na 77 dhidi ya 23 katika Seneti. Wademocrat walipotwaa bunge, walipitisha mswada wa dola bilioni 124 wenye ratiba ya kuondoa majeshi. Bush, ambaye alimaliza zaidi ya miaka mitano bila kukataa mswada wowote wa matumizi, aliukataa huu Mei 1, 2007. Kabla ya mwezi kwisha bunge lilimpa fedha bila ratiba. Hakuna mbunge aliyetaka kuonekana akiwanyima risasi vijana walio vitani.

Watetezi wa Bush wana hoja. Nakisi ilishuka hadi dola bilioni 161 mwaka 2007, kabla ya msukosuko wa mabenki. Kupunguzwa kwa ushuru kulichangia deni kuliko vita vyenyewe. Wanajeshi zaidi aliowatuma Iraq mwaka 2007, kinyume cha ushauri wa wengi, walisaidia kupunguza mauaji. Na sisi Wakenya tuna sababu ya kukumbuka mpango wake wa kupambana na Ukimwi aliotangaza Januari 2003: dola bilioni 15 katika miaka mitano, Kenya ikiwa miongoni mwa mataifa 15 yaliyolengwa. Mpango huo umewaokoa wengi. Lakini hesabu yake ndiyo inayotia uchungu, kwa sababu kufikia mwaka 2008 vita vya Iraq vilikuwa vikimeza zaidi ya dola bilioni 10 kwa mwezi. Miaka mitano ya dawa ililingana na muda usiofika miezi miwili ya vita.

Obama aliahidi mwaka 2009 kuacha kuficha gharama za vita. Badala yake kikazuka kifungu kingine cha bajeti, cha operesheni za ng'ambo, ambacho kilidumu hadi mwaka 2021, wanajeshi wa mwisho walipoondoka Kabul.

Zaidi ya Wamarekani 4,400 walifia Iraq, na Wairaki waliouawa ni wengi mara nyingi zaidi. Waliojeruhiwa wanaendelea kutibiwa, na bili yao bado inapanda. Malipo kwa maveterani wa Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyokwisha mwaka 1918, yalifikia kilele mwaka 1969. Naye mtu wa mwisho kupokea pensheni ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, binti wa askari aliyepigana katika vita hivyo vya 1861 hadi 1865, alifariki Mei 2020. Alikuwa akilipwa dola 73.13 kila mwezi.