Hifadhi, Tabianchi na Kuhimili: Maneno Matatu ya Mazingira

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa nchini Tanzania mwaka 1983, na mwaka 2004 ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri si ya hiari tena. Istilahi ikikosewa katika hadithi, msomaji hupungukiwa na utamu tu. Ikikosewa katika sheria, mtu huweza kutozwa faini kwa kosa asilolielewa. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno matatu ambayo, kwa maoni yetu, yanahitaji uangalifu.

Hifadhi

Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutunza kitu kisipotee. Siku hizi lina matumizi mawili: tendo la kutunza, kama katika jina la Baraza tulilolitaja, na mahali palipotengwa kisheria, kama Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ofisa hutamka neno akiwa na maana ya kwanza akilini. Mwanakijiji huenda akashika ya pili, akauliza atahamishiwa wapi.

Wasiwasi huo una historia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya. Uoto ulirudi, lakini kwa mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda mbali, haingekuwa ajabu neno hifadhi likabaki na maana ya kuondolewa. Huko Shinyanga, mradi wa namna hiyo ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya ngitili, neno la Wasukuma kwa malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Kutunza na kutumia vyote vimo ndani ya neno hilo moja.

Twapendekeza, basi, kwamba katika maandishi mapya hifadhi liwe jina la mahali, na tendo liitwe uhifadhi. Aidha, tangazo la uhifadhi halina budi kutaja waziwazi linalokatazwa na linaloruhusiwa.

Tabianchi

Hali ya hewa ni jambo la leo na kesho: mvua, jua, upepo. Tabianchi ni wastani wa hali hizo kwa muda mrefu; Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipimo cha miaka 30. Istilahi hii imetokana na kuunganishwa kwa tabia ya nchi, na muungano huo una faida, kwani maneno hayo yakitengana huweza kudhaniwa kuwa yanahusu mienendo ya wananchi.

Wako waandishi wanaosema bado "mabadiliko ya hali ya hewa" wakikusudia mabadiliko ya tabianchi. Hatuwalaumu, maana usemi huo umeenea. Hata hivyo, mkulima atajibu kwa haki kwamba hali ya hewa imekuwa ikibadilika kila siku tangu enzi za babu zake. Mwalimu akitofautisha maneno haya mawili, nusu ya somo imekwisha kufundishwa.

Kuhimili

Nyaraka nyingi hutumia kukabiliana kwa kila jambo. Lakini Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unatofautisha mambo mawili. La kwanza ni kupunguza gesijoto zinazolipasha dunia joto. La pili ni kuhimili, yaani kujipanga ili madhara yanayokuja yasituangamize. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unahusu zaidi jambo la kwanza, kwa kuwa unakusudia kupunguza kuni na mkaa. Ukuta uliojengwa Pangani kuzuia bahari isile mji unahusu la pili. Haupunguzi gesi hata kidogo.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Fedha za kupunguza na fedha za kuhimili huombwa kwa hoja mbalimbali. Wilaya inayohitaji ukuta, ikiandika "kukabiliana" pasipo kufafanua, huenda ikaulizwa ni gesi kiasi gani itakayopungua. Kwa hiyo kukabiliana litumike pale tu yanapokusudiwa yote mawili.

Hatudai kuwa tumemaliza. Kila kabila lina maneno yake ya kutunza msitu, chemchemi na malisho, na ngitili ni moja tu kati ya mengi. Tunawaomba walimu na maofisa walio wilayani wayakusanye maneno hayo pamoja na maelezo ya matumizi yake, kabla hatujaenda kuazima mbali yale tuliyo nayo nyumbani.