Kwa nini riwaya ‘Dune’ iliwatoa jasho watengenezaji filamu

KWA karibu nusu karne, waliojaribu kuigeuza riwaya ya Dune kuwa filamu ama walikwama njiani au walitoa kazi iliyowakanganya watazamaji.

Kilichowatatiza zaidi si minyoo wakubwa wa jangwani wanaomeza mitambo mizima, bali namna kitabu chenyewe kilivyoandikwa.

Riwaya hiyo ya Mmarekani Frank Herbert ilichapishwa mwaka wa 1965. Inasimulia kisa cha Paul Atreides, kijana ambaye ukoo wake unakabidhiwa utawala wa Arrakis, sayari kame ambayo ndiyo chimbuko pekee la melange, kiungo kinachorefusha maisha na kuwezesha safari baina ya nyota. Babake anapoangamizwa na maadui, Paul anakimbilia jangwani kwa watu waitwao Fremen, na hatimaye anawaongoza vitani wakimwamini kuwa mkombozi waliyeahidiwa.

Ugumu wa kwanza unatokana na mawazo ya wahusika. Katika tukio la karamu ya usiku, kwa mfano, wageni wanazungumza kwa adabu huku kila mmoja akipima moyoni kauli ya mwenzake, naye msomaji huyasikia yote hayo. Kamera huuona uso wa mtu, lakini haiwezi kuyaona anayoyawaza.

Ugumu wa pili ni msamiati. Mwishoni mwa kitabu mna faharasa ndefu, na maneno mengi yametoholewa kutoka Kiarabu. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jihadi wala Mahdi, na katika lakabu ya Lisan al-Gaib atalitambua mara moja neno ghaibu. Kwa watazamaji wengi wa Marekani, hata hivyo, maneno hayo yalikuwa mageni kabisa.

Katikati ya miaka ya sabini, mwelekezi Alejandro Jodorowsky, mzaliwa wa Chile, alinuia kutengeneza filamu ya saa nyingi ambayo ingewashirikisha mchoraji Salvador Dalí na mwigizaji Orson Welles. Michoro ilikamilika lakini fedha zikakosekana, na mradi huo ukafa.

Mwaka wa 1984, David Lynch aliusukuma mkasa wote wa kitabu ndani ya dakika 137. Mawazo ya wahusika yalisikika kama minong’ono, na baadhi ya kumbi za sinema ziliwapa watazamaji karatasi zenye maelezo ya istilahi. Mtaka yote hukosa yote: filamu hiyo iliyogharimu takriban dola 40 milioni ilipata takriban dola 30 milioni pekee nchini Marekani.

Kasoro yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya maana. Filamu inamalizika kwa mvua kunyesha Arrakis, ishara kwamba Paul ni mteule kwelikweli. Muujiza huo haumo kitabuni. Herbert alikusudia kuwaonya wasomaji dhidi ya viongozi wanaoabudiwa na wafuasi wao, na alilikariri onyo hilo kwa ukali zaidi katika Dune Messiah, iliyotoka mwaka wa 1969.

Denis Villeneuve, mwelekezi kutoka Canada, alichukua njia tofauti. Aliigawa riwaya hiyo moja katika filamu mbili, ya mwaka wa 2021 na ya 2024, ambazo kwa pamoja zinapita saa tano. Licha ya kupata muda huo wote, alikubali kuacha mengi. Karamu ile haimo. Mahali pa mawazo ya siri, Paul na mamake huzungumza kwa ishara za mikono. Dadake Paul, ambaye kitabuni ni mtoto mdogo anayemuua adui mkuu wa ukoo wao, katika filamu bado yumo tumboni mwa mama.

Badiliko zito zaidi linamhusu Chani, mpenzi wa Paul. Kitabuni husimama naye hadi mwisho. Katika filamu ya pili anautilia shaka unabii unaomhusu Paul, na wenzake wanapomsujudia, yeye hapigi goti bali anaondoka. Wapo wasomaji ambao hawakulipenda badiliko hilo, lakini kupitia kwake onyo la Herbert, ambalo halingesikika kwa minong’ono, linaonekana wazi machoni pa mtazamaji.

Filamu ya kwanza ilitwaa tuzo sita za Oscar mwaka wa 2022, nayo ya pili ikatwaa mbili mwaka wa 2025. Mtazamaji aliyemshangilia Paul vitani, kisha akatoka ukumbini akijiuliza iwapo alistahili kumshangilia, amefikiwa na ujumbe wa mwandishi hata kama hajafungua ukurasa mmoja wa kitabu.