Mizani Isiyo na Waya Huchaguaje Njia?

Siku hizi katika vituo vingi vya kununulia majani chai, mizani ya umeme haina waya wa kuiunganisha na mashine ya karani. Uzito hupita hewani kwa mawimbi ya redio, kwa mtindo uitwao Bluetooth. Mashine ikikawia, wengine hushuku kwamba kilo zao zimepotea hewani. Basi yafaa tuelewe kazi hiyo.

Bluetooth ya kawaida ina njia 79 za kupitishia habari. Lakini njia hizo si zake peke yake. Intaneti isiyo na waya hupita humo humo, na hata maikrowevu ya kupashia chakula huzitia kelele. Mizani haiwezi kujua mapema ni njia ipi iliyo tupu. Kwa hiyo haikai katika njia moja. Mizani na mashine huruka pamoja kutoka njia hii hadi ile, hata mara 1,600 kwa sekunde. Habari ikifika salama, mashine hujibu. Jibu lisipokuja, mizani hurudia.

Tangu mwaka 2003, vyombo hivi vimeweza pia kuweka hesabu: njia inayokosa mara nyingi huachwa, na inayofaulu hutumiwa. Lakini njia isiachwe milele, maana aliyekuwa akipiga kelele huenda sasa amenyamaza. Yapasa ijaribiwe tena.

Jambo hili walijua shambani. Mbegu iliyokupa mavuno mema huipanda sehemu kubwa, na mistari michache huitenga kwa kujaribu nyingine. Ukijaribu shamba zima, waweza kulala njaa. Usipojaribu kabisa, hutajua iliyo bora. Mwaka 1933 William R. Thompson aliandika hesabu ya jambo hilo hilo, akifikiria dawa mbili ambazo haijulikani ipi ni bora.

Basi mashine ikikawia, usidhani umeibiwa. Huenda inatafuta njia. Lakini usiondoke. Fanya hivi:

1. Soma mwenyewe uzito kwenye mizani.
2. Ngoja stakabadhi yako.
3. Linganisha hesabu hizo mbili. Zikitofautiana, mwambie karani papo hapo, kabla majani hayajaondolewa.

Weka stakabadhi zote mpaka siku ya malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.