Jalada Lako Liko kwa Nani? Maneno ya Ofisi Yanayokuhusu

Mkazi anayefuatilia kibali cha ujenzi au mgogoro wa mpaka wa kiwanja hujibiwa mara nyingi kwamba jalada lake "lipo kwenye mfumo". Anayeyafahamu maneno yafuatayo ataweza kuuliza zaidi ya hapo.

Masijala ni kitengo kinachopokea barua na kutunza majalada. Katika ofisi za umma zinazotumia e-Ofisi, mfumo uliojengwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, barua ya karatasi hupitishwa kwenye skana na kuingizwa katika jalada la kielektroniki.

Kumbukumbu namba, yaani "Kumb. Na." iliyo juu ya barua, hutambulisha jalada na nafasi ya barua ndani yake. Majina ya watu hufanana. Namba hii humwezesha mtumishi kufika moja kwa moja kwenye shauri lako. Iulizie masijala mara ombi lako linapopokelewa.

Dokezo ni maelezo ambayo ofisa humwandikia mwenzake ndani ya jalada, akishauri au kuomba uamuzi.

Toleo ni hali ya waraka baada ya kila marekebisho. Ukirudishiwa mchoro wa nyumba, ukaurekebisha na kuuwasilisha upya, hilo ni toleo la pili. Hakikisha ndilo linaloshughulikiwa.

Ruhusa huamua nani afungue jalada gani. Kila mtumishi huingia kwa nywila yake na kuona yanayohusu kazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka taarifa zako zilindwe.

Kumbukumbu ya matumizi huonyesha nani alifungua jalada, lini, na alilipeleka kwa nani. Kwa hiyo anayeambiwa jalada halionekani ana haki ya kuomba lifuatiliwe.

Badala ya kuuliza "Ombi langu limefika wapi?", uliza: "Ombi lenye Kumb. Na. hii liko kwa ofisa gani, tangu lini, na linasubiri nini?" Tunza nakala ya barua yako yenye muhuri wa mapokezi.

Ada halali hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na hutolewa stakabadhi. Hakuna ada ya kulisogeza jalada. Anayeidai anaomba rushwa. Toa taarifa TAKUKURU kwa simu 113, bila malipo.